Abrahamu na Nyota za Usiku: Tafakari kwa Sisi Tulioacha Kwetu

Masomo: Mwanzo 15:1-6, Zaburi 8, Zaburi 147:1-6, Ayubu 38



 

Safari hii tafakari yetu imetokana na swali la mtoto. Wiki chache zilizopita, katika mafundisho ya komunyo ya kwanza, katekista alikuwa akieleza habari za uumbaji. Binti mmoja, umri wake hauzidi miaka kumi, akanyosha mkono. Alisema shuleni mwalimu amewafundisha kwamba dunia ni kitu kidogo sana angani, na jua ni nyota moja tu kati ya nyota zisizohesabika. Kisha akauliza: "Kama dunia ni ndogo hivyo, je, Mungu alituona siku ile?"

Hakuna aliyeuliza ni siku gani. Kila mmoja wetu anayo siku yake. Kwa wengine ni tarehe 5 Oktoba 2017, vita vilipoanzia Mocímboa da Praia. Kwa wengine ni Agosti 2020, mji huo ulipotekwa kwa mwaka mzima, na kwa wengine ni tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa. Katekista alinyamaza. Baadaye alituletea swali hilo sisi wa kamati ya gazeti, akasema, "Ndugu zangu, mimi sikuwa na jibu. Tusaidiane." Basi, wapendwa, tumejaribu. Tumeona hatuwezi kumjibu mtoto huyu vizuri bila kwanza kutazama kile mwalimu wake alichokuwa akikieleza. Kwa hiyo tunawaomba uvumilivu: leo tutapita angani kwanza, ndipo turudi duniani.

USIKU TULIOUOGOPA

Tuanze na ukweli. Sisi watu wa pwani hii tumegombana na usiku. Tulikuwa watu wa kukaa nje, kusimulia hadithi, kusubiri samaki wa alfajiri. Vita vikaja, tukalala porini na watoto migongoni, tukiwaziba midomo wasilie. Tulitembea usiku, tukapanda mashua usiku. Leo, hata hapa kwenye usalama kidogo, giza likiingia kila mtu hufunga mlango wa turubai lake, na mtoto anayechungulia nje huitwa ndani kwa ukali. Hatuwalaumu wazazi. Lakini matokeo yake ni kwamba tunao watoto wanaoishi chini ya anga mojawapo iliyo safi kuliko zote, pasipo taa za mji za kulififisha, na hawajawahi kulitazama.

Sasa mkumbukeni mzee Abrahamu, ambaye katika sura ile ya 15 bado anaitwa Abramu. Alitoka Uru, akakaa Harani, akaenda Kanaani. Alikuwa mzee bila mtoto, akiishi hemani katika nchi ya watu wengine. Ni mmoja wetu kabisa. Alikuwa ndani ya hema lake akilalamika mbele za Mungu kwamba atakufa bila mrithi. Maandiko yanasema Mungu alimtoa nje, akamwambia atazame mbinguni na azihesabu nyota kama anaweza. Angaliavyo mtu ndani ya hema, haoni kitu ila turubai. Jambo la kwanza ambalo Mungu alimfanyia mhamiaji huyu lilikuwa kumtoa nje.

MZEE WA UPANDE WA PILI

Hapa inatubidi tuseme jambo ambalo baadhi yetu hatutapenda kulisoma. Katika makazi yetu kuna upande wa kisimani na upande wa barabarani. Upande mmoja tuko wengi Wakristo, Wamakonde kwa sehemu kubwa. Upande wa pili wako wengi Waislamu, Wamwani na Wamakua. Mnajua maneno yanayosemwa foleni ya maji inapokuwa ndefu. Mnajua nani huitwa jina la wale waliotuchomea nyumba, ingawa nyumba yake nayo ilichomwa na wale wale.

Upande ule wa pili yuko mzee mmoja mvuvi, Mmwani, aliyekimbia kisiwani kwao kwa mashua akiwa na wajukuu watano. Vijana wetu wawili waliokwenda kumsaidia kutengeneza wavu walirudi wakisema mzee huyo anajua nyota kama sisi tunavyojua njia za shambani. Tulimwalika, akaja. Alikaa na vijana wetu nyuma ya kanisa, akawaonyesha Kilimia kikichomoza mashariki, akawaeleza jinsi wazee walivyokitazama ili kujua majira ya kulima. Kijana mmoja akashangaa, akasema, "Kilimia? Hicho kimo katika Biblia!" Kweli kimo. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walipofika kwenye Ayubu na Amosi, hawakuazima jina la kigeni. Walichukua jina la mkulima na baharia wa pwani, wakaliandika katika Neno la Mungu.

Mzee alicheka sana, akasema, "Basi tumekuwa tukisoma kitabu kimoja usiku, tukagombana mchana."

MKEKA WA NYOTA

Sasa twende na somo lenyewe. Usiku usio na mwezi, hasa miezi ya kusi, Julai na Agosti, tazama juu. Utaona mkanda mweupe kama moshi, au kama mkeka uliotandikwa kutoka upeo mmoja wa anga hadi mwingine. Watoto wetu hufundishwa shuleni kwa Kireno kuuita Via Láctea, yaani Njia ya Maziwa. Huo si moshi. Ni nyota, nyingi kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha. Kundi hilo kubwa la nyota, pamoja na vumbi na hewa iliyo katikati yake, wataalamu huliita galaksi. Sisi tumo ndani yake. Jua letu ni mojawapo ya nyota zake, na wataalamu wanakadiria kuwa nyota hizo ni kati ya bilioni 100 na bilioni 400.

Umbali wa kati yao hauelezeki kwa kilomita. Tujaribu kwa nazi. Chukua nazi kubwa ambayo haijafuliwa, uiweke mlangoni pa kanisa. Hiyo ndiyo jua. Tembea hatua 24 ndefu, uweke chini punje moja ya uwele. Hiyo ndiyo dunia, na bahari zake, na Cabo Delgado, na makaburi yetu yote. Sasa jiulize: nazi ya pili, yaani nyota iliyo karibu nasi zaidi, iko wapi? Iko kisimani? Iko Palma? Hapana. Iko karibu na Roma, kilomita 6,500 hivi kutoka hapa. Na katikati ni utupu.

NURU NI TARISHI

Kwa sababu hiyo wataalamu hupima kwa mwendo wa nuru. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka mwezini hufika kwa muda wa kutamka neno moja. Kutoka kwenye jua huchukua dakika 8 na kidogo. Kutoka kwenye ile nazi ya pili, ambayo ni ndugu watatu waitwao Alfa Sentauri, karibu na Msalaba wa Kusini, huchukua miaka 4 na zaidi.

Nuru basi ni kama tarishi anayebeba barua ya zamani. Ile nyota ing'aayo kuliko zote usiku, Sirius, barua yake husafiri miaka 8 na nusu hivi. Kwa maana hiyo nuru yake tunayoiona siku hizi iliondoka kule wakati vita vyetu vilikuwa vichanga. Ilikuwa njiani muda wote tuliokuwa tukikimbia. Nuru ya Kilimia husafiri kama miaka 440: iliondoka enzi ambazo Wareno walikuwa bado wakijenga ngome ya São Sebastião katika Kisiwa cha Msumbiji. Anayetazama juu hatazami leo. Anatazama siku nyingi tofauti zilizofika kwake kwa pamoja.

VISIWA VILIVYO MBALI

Galaksi yetu ni kubwa: nuru huchukua miaka 100,000 hivi kuivuka. Je, ndiyo yote? Hata miaka mia moja hivi iliyopita wataalamu wengi walidhani hivyo. Lakini sisi wa huku tulikuwa tukiziona galaksi nyingine kwa macho matupu bila kujua.

Mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijaanza, simama nje saa 3 usiku ukielekea kusini. Chini kidogo utaona kiwingu kidogo cheupe kisichosogea na upepo. Upande wa kusini-mashariki, chini zaidi, kuna kingine kikubwa kinachopanda. Vinaitwa Mawingu ya Magellan, kwa jina la yule baharia Mreno ambaye msafara wake uliizunguka dunia kati ya 1519 na 1522, ingawa watu wa kusini waliviona tangu zamani za kale. Kile kikubwa kiko umbali wa miaka-nuru 160,000 hivi, na kile kidogo 200,000 hivi. Sasa geuka kaskazini, bila kuondoka uliposimama. Utaona doa lililofifia, kama mtu aliyepuliza pumzi kwenye kioo. Hiyo ni galaksi ya Andromeda, miaka-nuru milioni mbili na nusu kutoka hapa. Mwaka 964 Mwislamu wa Uajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, aliiandika katika kitabu chake cha nyota kama wingu dogo. Ndiye mwandishi wa kwanza tunayemjua aliyeitaja, na tunamshukuru.

Ndugu zetu wavuvi wataelewa haraka. Fanya kwamba galaksi yetu ni kisiwa chenye upana wa kilomita 1. Yale Mawingu mawili ni visiwa vidogo vya jirani, kilomita moja na nusu hadi mbili. Andromeda ni kisiwa kikubwa kuliko chetu, kilomita 25 mbali: safari ya asubuhi moja kwa jahazi lenye upepo mzuri. Na baada ya hapo bahari inaendelea, ikiwa na visiwa mamia ya mabilioni.

MWANAMKE ALIYEKUWA AKIHESABU

Umbali huu ulijulikanaje, na hakuna aliyekwenda na kamba kuupima? Hapa tuna habari itakayowafurahisha akina mama wetu wa ushirika.

Katika kituo cha kuchunguza nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walikuwapo wanawake walioajiriwa kuhesabu nyota kwenye vioo vya picha. Hawakuruhusiwa kuiendesha darubini. Mmoja wao aliitwa Henrietta Leavitt, binti wa mchungaji, ambaye masikio yake yalikuwa yameharibika. Malipo yake yalikuwa senti 30 kwa saa. Kazi yake ilikuwa kutazama vidoa vyeusi juu ya kioo, siku baada ya siku, na kuandika kila kimoja. Picha hizo zilikuwa zimepigwa huko Arequipa, Peru, na zilionyesha nini? Yale yale Mawingu ya Magellan tunayoyaona nyuma ya kanisa letu.

Aligundua nyota ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa mpango, kama mtu anayepuliza makaa. Mwaka 1908 alikuwa ameorodhesha nyota 1,777 za kubadilika. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25 za kile kiwingu kidogo, kwamba nyota inayovuta pumzi polepole ni ile yenye nguvu zaidi. Mkizingatia mtaona faida yake. Ukiijua nguvu halisi ya taa, na ukaona jinsi inavyofifia mbele yako, unaweza kukisia iko mbali kiasi gani, kama mvuvi anavyokisia umbali wa karabai ya mwenzake baharini. Edwin Hubble alitumia kipimo hicho. Mwaka 1923 aliipata nyota ya namna hiyo ndani ya Andromeda, akahesabu, na ikajulikana kuwa ile si sehemu ya galaksi yetu hata kidogo. Leavitt alikuwa amefariki mwaka 1921 kabla ya kuona tunda hilo.

Ndugu, wangapi kati yetu kazi yao ni ya kuhesabu vitu vidogo mahali ambapo hakuna anayetazama? Mama anayegawa kikombe cha unga kwa watoto sita anahesabu. Mungu haipuuzi hesabu hiyo.

PADRE ALIYETOKA VITANI

Yuko pia padre mmoja. Georges Lemaître alizaliwa Ubelgiji mwaka 1894. Mwaka 1914, alipokuwa mwanafunzi huko Leuven, majeshi ya Ujerumani yaliuchoma mji huo moto pamoja na maktaba ya chuo kikuu chake. Akaenda vitani miaka minne. Aliporudi alisoma hesabu na teolojia, akapewa upadre mwaka 1923. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu hautulii: galaksi zinaachana, kwa sababu nafasi yenyewe iliyo kati yao inatanuka. Mwaka 1929 Hubble alichapisha vipimo vilivyoonyesha hivyo, na mwaka 2018 chama cha kimataifa cha wanajimu kiliamua kanuni hiyo ibebe majina ya wote wawili. Leo tunajua mtanuko huo ulianza yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita.

Jambo moja la padre huyu tunataka mlishike. Watu walipotaka kuifanya hesabu yake iwe uthibitisho wa kitabu cha Mwanzo, yeye hakupenda. Aliamini Mungu kwa moyo wote, naye alipima nyota kwa akili yote, wala hakuchanganya vipimo. Mtu aliyeona mji wake ukiungua hahitaji imani inayoegemea hesabu ya mtu, maana hesabu ya leo inaweza kusahihishwa kesho.

UHURU KUTOKA MALINDI

Msifikiri mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, pwani hii hii yetu ya Waswahili. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, ile ile inayopiga picha za mifupa hospitalini. Kwa kuiheshimu siku hiyo waliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo, ikaonyesha pia kwamba kati ya galaksi zilizokusanyika pamoja kuna hewa yenye joto kali mno, isiyoonekana kwa macho. Neno letu limeandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote.

Na kusini mwetu, huko Afrika Kusini, mwaka 2018 ilizinduliwa mitambo 64 iitwayo MeerKAT, inayosikiliza mawimbi ya redio kutoka kwenye galaksi. Inajengwa mingine mikubwa zaidi katika mradi wa SKA, na nchi yetu Msumbiji ni mmoja wa washirika wake wa Afrika. Vijana mlioacha shule kwa sababu ya vita, tunaandika haya kwa ajili yenu. Hesabu na fizikia si mali ya watu wengine.

TUSICHOKIJUA

Siku ya Noeli ya mwaka 2021 ilirushwa darubini ya James Webb. Imeona galaksi ambazo nuru yake iliondoka chini ya miaka milioni 300 baada ya mwanzo. Pamoja na hayo yote, wataalamu wanakiri kwamba vitu vya kawaida, yaani nyota, mawe, maji na miili yetu, ni karibu asilimia 5 tu ya ulimwengu. Mwanamke mwingine, Vera Rubin, alionyesha miaka ya 1970 kwamba galaksi zinazunguka kana kwamba zimeshikwa na uzito usioonekana. Uzito huo ni nini? Bado unatafutwa. Katika kitabu cha Ayubu, mtu aliyepoteza watoto wake na mali yake alimdai Mungu maelezo. Mungu alimjibu kwa maswali, na moja lilihusu Kilimia. Hakuambiwa sababu ya mateso yake. Lakini mwishoni Mungu alisema kwamba Ayubu ndiye aliyenena vema, wala si wale rafiki waliokuwa na majibu tayari.

TURUDI KWA MTOTO WETU

Basi tumwambie nini binti yetu?

Kwanza, tusimwambie kwamba mwalimu amekosea. Mwalimu amesema kweli. Dunia ni punje ya uwele.

Pili, tumwambie kwamba swali lake ni la zamani. Mwimbaji wa Zaburi ya 8 alitazama mbingu, mwezi na nyota, akauliza mwanadamu ni nini hata Mungu amkumbuke. Alipigwa na udogo ule ule. Na swali lake hakumwuliza mtu mwingine, alimwuliza Mungu mwenyewe. Kuuliza hivyo si kukosa imani. Ni sala.

Tatu, tumsomee Zaburi ya 147, mistari ya mwanzo. Tazameni jinsi ilivyopangwa. Inasema kwanza Bwana huwakusanya watu wake waliotawanyika. Halafu inasema huwaponya waliovunjika moyo na kuwafunga jeraha zao. Na mara baada ya hapo, bila hata kuvuta pumzi, inasema huihesabu idadi ya nyota na kuzipa zote majina. Sisi tungetenganisha: nyota kwa wanasayansi, majeraha kwa wauguzi, waliotawanyika kwa mashirika ya misaada. Zaburi inaviweka mkononi mwa mmoja. Mkono unaozijua galaksi kwa jina ndio unaofunga kitambaa kwenye kidonda.

Kwetu sisi jina si jambo dogo. Tunajua maana ya kusimama foleni tangu alfajiri, ukafika mezani, ukaambiwa, "Jina lako halipo kwenye orodha." Wako kati yetu ambao majina ya jamaa zao hayamo katika orodha yoyote: hawamo kati ya walio hai wala kati ya waliozikwa. Imani yetu ni kwamba iko orodha moja ambayo haikupotea porini wala haikuungua na ofisi.

Nne, na hapa ndipo pagumu. Mtoto hakuuliza tu kama Mungu aliona. Ndani ya swali lake kuna lingine: kama aliona, kwa nini hakuzuia? Wapendwa, hilo hatuna jibu lake, na tunawasihi msimpe mtoto jibu la uongo. Msimwambie waliokufa walikuwa na dhambi. Msimwambie sisi tuliopona tulisali zaidi. Abrahamu mwenyewe aliahidiwa uzao kama nyota na nchi nzima. Sara alipofariki, hakuwa na hata mahali pa kumzika. Ilimbidi anunue shamba lenye pango kwa fedha. Alikufa akiwa na mtoto mmoja wa ahadi na ardhi ya kaburi. Hata hivyo aliamini, kwa kuwa barua ilikuwa bado njiani. Sisi pia tunaishi kwa nuru iliyokwisha ondoka na ambayo bado haijafika yote.

Tumwambie mtoto hivi: "Ndiyo, alituona. Sisi nasi tulikuona wewe, tukakubeba." Maana kama sisi tuliobaki hatuonani, mtoto ataaminije kwamba Mungu anamwona?

MAMBO YA KUFANYA

Novemba ni mwezi wa kuwakumbuka marehemu. Tumekubaliana na katekista, na kuomba ruhusa kwa mkuu wa makazi na walinzi, kwamba usiku mmoja usio na mwezi wa Novemba tutoke nje pamoja nyuma ya kanisa, saa 3. Tarehe itasomwa siku ya Jumapili. Taa na tochi zizimwe. Wazee waketi kwenye mikeka, watoto wawe katikati, na akina baba wakae pembeni pande zote ili asiwepo mtoto mwenye hofu.

Kila nyumba ilete majina ya waliofariki na ya wasiojulikana walipo. Yataandikwa katika daftari moja na kusomwa kwa sauti, polepole, moja moja. Tumewaalika majirani wa upande wa pili walete majina yao pia. Mzee mvuvi amekubali kutuonyesha Kilimia na yale Mawingu kabla ya kusoma. Kama kuna Mkristo anayeona haifai jina la Mwislamu kusomwa nyuma ya kanisa letu, na afike kwanza atuonyeshe juu ni nyota ipi iliyo ya Wakristo peke yao.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogondogo:

1. Mara ya mwisho ulitoka nje kutazama nyota bila hofu ilikuwa lini, na ulikuwa na nani?
2. Ni jirani gani ambaye jina lake hulijui, ingawa mnachota maji kisima kimoja?
3. Katika nyumba yenu ni nani anayefanya kazi ya kuhesabu isiyoonekana na mtu? Mtamshukuruje wiki hii?

TUSALI

Ee Mungu wa Abrahamu, wewe uliyemtoa mhamiaji nje ya hema lake, ututoe na sisi. Tunaogopa giza, nawe unajua kwa nini. Uwakusanye waliotawanyika toka Ruvuma hata Pemba na hata ng'ambo. Uwaponye waliovunjika moyo. Uwaite kwa majina wale ambao sisi hatujui walipo. Wape watoto wetu usiku wa kutazama nyota badala ya usiku wa kukimbia. Utupatanishe kisimani. Na siku ya kurudi nyumbani ikichelewa, usituache tukasahau kutazama juu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni sisi ndugu zenu,
Kamati ya Gazeti la Kanisa